Makambako Hatushuki

Watu wakichoshwa na Dar wanakimbilia Zanzibar au Bagamoyo. Mimi na mwenzangu Julai 2024 tulifanya kinyume, tukakata tiketi ya kwenda kwenye baridi. Njombe! Shosti wangu wa ofisini aliponiuliza Njombe kuna nini, nikamjibu kuna blanketi. Alicheka mpaka bosi akachungulia.

Siku tatu kabla ya kuondoka, tukiwa tunapanga nguo kitandani, mwenzangu akasema kitu kilichonikaa kichwani. "Makambako hatushuki. Tunapitiliza."

Kwa asiyejua, Makambako ndiko alikozaliwa mume wangu. Mama mkwe alihamia Njombe mjini kwa wifi yangu baada ya baba mkwe kufariki mwaka 2021, lakini nyumba ya familia iko Makambako, na ndani yake anaishi shemeji, kaka yake mkubwa. Sasa mtu anapitaje mlangoni kwa kaka yake asishuke hata kusalimia? Nikamwuliza. Akakunja sweta. Nikamwuliza tena. Akalikunjua, akalikunja upya.

Wanaume jamani.

Basi tukaondoka alfajiri kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis. Wale wenzangu wa zamani mnaoikumbuka Ubungo, na wapiga debe waliokuwa wanakunyang'anya begi ili upande basi lao, stendi ile mabasi ya mikoani yaliihama mwaka 2021. Mbezi kuna nafasi, kuna vyoo, kuna pa kukaa. Sijui kwa nini bado nilikumbuka makelele ya Ubungo.

Njia ya kusini ni nzuri kwa wapendanao ila ni ndefu, zaidi ya kilomita 600 mpaka Makambako peke yake. Mkipita Mikumi msilale, barabara inakatiza katikati ya hifadhi na twiga wanasimama pembeni kama wanasubiri daladala. Mkae upande wa dirisha. Mimi nilimwachia mwenzangu dirisha kwa sababu nilitaka aongee, na mwanaume akikaa dirishani wakati mwingine huongea. Hakuongea. Alitoa simu.

Nikachungulia, maana mimi ni mke, nina haki. Sikukuta meseji ya mtu. Nikakuta kigari kidogo chekundu kinapanda juu ya kioo, barabara nyembamba, magari mengine yanakuja, na pembeni namba inashuka taratibu. Moyo ukaniruka. "Hilo si gemu la magari?"

Akanigeukia kama nimemtaja jina la utotoni. "Unalijua?"

Nalijua! Tabata nilikulia na kaka wawili. Pedi nilikuwa napewa wakienda kula tu, na wakishaosha mikono inarudi. Miaka sita ya ndoa na sikuwahi kujua kwamba mimi na huyu bwana tulilia kwa gemu moja.

Jina lake la kiserikali ni Road Fighter. Kampuni ya Konami ya Japani ililitoa mwaka 1984 kwa yale mashine makubwa ya kutumbukiza sarafu, na ndilo lilikuwa gemu lao la kwanza la mbio za magari. Mwaka uliofuata likaingia kwenye Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo iliyozinduliwa Japani mwaka 1983. Ulaya lilifika rasmi mwaka 1992, wakati wenzao walishaendelea na mambo mengine. Marekani halikutolewa kabisa kwa mashine ya Nintendo. Sisi hatukuwasubiri. Lilitufikia ndani ya zile mashine za kuigiza, zenye kaseti ya rangi iliyoandikwa gemu 9999999, ukiiwasha unakuta gemu ni chache tu zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Nani alijali? Ilikuwa ni kupuliza kaseti vumbi, kuchomeka, na kuomba umeme usikatike.

Ukikaa na watu wa rika letu wakakumbushana, watataja Mario, watataja Contra, watataja lile la vifaru. Wale waliopata PlayStation watakupigia hadithi za Gran Turismo na Need for Speed mpaka usiku. Wengine watakumbusha kwamba Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na njia za Kenya ndani yake, vumbi jekundu na yote. Hili letu hakuna anayelitaja. Na linapotajwa linaitwa hivyohivyo, "lile la magari".

Nikampokonya simu. Nikafa kabla ya kumaliza dakika.

Nikwambie linavyochezwa. Unaangalia gari kutokea juu, kama ndege. Kitufe kimoja ni mwendo wa kawaida, kingine kinakupeleka mpaka 400 kwa saa. Hushindani na mtu. Hayo magari mengine hayajui hata kama kuna mashindano, yanakwenda zake, ila mengine ukiyakaribia yanahama ghafla kukuziba. Ukiligusa moja hufi papo hapo, unaserereka, na una nafasi ya kufumba na kufumbua kulirudisha usukani. Ukichelewa unagonga ukingo, gari linalipuka. Lori halina msamaha, ukiligusa umekwisha. Na muda wote huo mafuta yanapungua. Adui wa kweli ni mafuta. Kuna gari moja tu la kumetameta linalopita mara chache, hilo ukiligonga hulipuki, unaongezewa mafuta. Kwa hiyo unafundishwa kukwepa magari yote, halafu lipo moja unatakiwa ulifukuze. Na ukienda kipande kirefu bila ajali, anakatiza mtu mmoja anaruka angani pembeni ya barabara, Konami Man wao. Kaka zangu walikuwa wanamwita malaika.

Nikilitazama leo kwa macho ya mtu mzima, uzuri wa picha hakuna. Miti ni vidoti. Hatua ni nne tu, na fundi anazimaliza kabla chai haijapoa. Muziki njiani hakuna, ni mlio wa injini unaokuna masikio. Lakini mkono unatoka jasho uleule. Nadhani ni kwa sababu halikupi hadithi yoyote ya kujificha nyuma yake, ni wewe, njia, na namba inayoshuka. Na ni gemu la mtu mmoja, kumbukeni hilo, maana ndipo hadithi ya shemeji inapoanzia.

Tulikuwa tunapanda Kitonga. Kama hujawahi kupita, Kitonga ni ule mlima baada ya Ruaha Mbuyuni, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine usitazame. Malori yanapanda kwa mwendo wa konokono, na basi letu lilikuwa nyuma ya malori manne. Mwenzangu akazima simu, akasema, "Kaka ndiye alinifundisha."

Mwaka 1998 baba yao alipunguzwa kazi. Shemeji alikuwa kidato cha pili, mwenzangu ana miaka tisa. Ada ilikuwepo ya mmoja. Hapakuitishwa kikao chochote, anasema, siku moja tu kaka yake hakuvaa yunifomu. Akaenda kituo cha malori, na Makambako malori ni mengi kuliko watu, akapata kazi ya utingo kwenye gari la Dar na Tunduma. Akirudi safari, alikuwa anamchukua mdogo wake mpaka banda la gemu jirani na stendi, shilingi 50 kwa mchezo mmoja. Pesa ilikuwa inatosha mchezo mmoja. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao: mdogo anaanza, mafuta yakifika 20 anampa kaka pedi.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unakula raha, yeye anapewa shida?" nikamwuliza kwa utani.

Hakucheka. "Hajawahi kuishiwa," alisema.

Iringa tukala chipsi kuku wakati abiria wengine wanapiga picha. Mafinga jua likalegea, misitu ya misindano ikaanza, na baridi ikaingia kwa chini kama maji. Makambako tulifika jioni. Mji ule ni wa njia panda: lami kuu ya Zambia inaendelea Mbeya, na kushoto inachepuka ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo imepita hapohapo, ile waliyoijenga Wachina miaka ya 1970, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi. Upepo wake sijauona kwingine, unakuvua kilemba. Basi lilisimama dakika kumi. Mwenzangu alivuta pazia.

Nilimtazama yule mtu. Nimeishi naye, nimemwona akifukuzwa kazi, nimemwona akiwa na homa ya nyuzi 40, lakini sikuwahi kumwona anamwogopa mtu.

Njombe iko kama kilomita 60 mbele, na ni juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mkoa wake ni mchanga, ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na mji bado una tabia ya kijijini: watu wanakusalimia. Mwenzangu aliposhuka tu stendi akageuka Mbena kamili, "kamwene" kila mlango, hata sauti ilibadilika. Mama mkwe alitupokea na viazi vya kuchemsha vinavyofuka moshi. Nikapiga goti, shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, mbona umekonda? Dar hawali?" Halafu akamtazama mwanawe. "Makambako mmelala?"

"Tumechelewa mama, tumepitiliza."

Mama akanyamaza. Wanawake wa kule wakinyamaza unasikia.

Hapa niwape dondoo kwa wanaopanga kwenda. Juni mpaka Agosti usiende na vijisweta vya Dar vya kuvalia kwenye kiyoyozi, beba koti la maana. Gesti nyingi zina maji ya moto siku hizi, ulizeni kabla ya kulipa. Na tafadhali sana, jiko la mkaa msiingize chumbani mkafunga madirisha ili mpate joto, hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala. Kukumbatiana kupo. Asubuhi nendeni maporomoko ya mto Ruhuji, yako karibu na mji, mnaweza kutembea. Ukungu ukiwa bado haujapanda, unasikia maji kabla ya kuyaona. Nje ya mji kuna mashamba ya chai yaliyochongwa kama nywele, na miwati, ile miti ya magome ya kusindikia ngozi, inayolimwa kwa ajili ya kiwanda tangu mwaka 1949. Siku hizi mazungumzo yote ni parachichi. Mwalimu ana parachichi, polisi ana parachichi. Ulanzi msimu wake ni wa mvua, kwa hiyo Julai msisumbuke kuutafuta, mtauziwa kitu kingine.

Siku ya tatu mama mkwe aliniita jikoni. Kwao jikoni ndiko kwenye moto, na kwenye moto ndiko kwenye ukweli. Aliniambia alichokuwa hajaniambia mume wangu. Siku ya arobaini ya baba, 2021, wazee walikaa kuzungumzia nyumba. Mwenzangu alitaka iuzwe wagawane, tulikuwa tunajenga Kibaha na hela imekata, hilo nalijua. Shemeji akakataa. Maneno yakapanda. Na mbele ya wazee wote mume wangu akamwambia kaka yake, "Wewe hukusoma, ndiyo maana huelewi."

Msomaji, niliweka kikombe chini.

"Kaka yake hakujibu," mama alisema. "Alitoka nje akaenda kukata kuni. Kuni zenyewe zilikuwepo."

Mimi nilikuwa Dar siku ile, nimejifungua. Miaka mitatu nilidhani shemeji ndiye mkorofi, ndiye aliyeng'ang'ania nyumba. Na hela ya Kibaha, tuseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa naisukuma kila siku. Mwenzangu alirudi msibani kimya na mimi nikamwuliza kuhusu mabati.

Mama akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa rambo. Ndani mna mashine ya gemu, plastiki yake imegeuka njano, pedi mbili, moja waya umefungwa nailoni, na kaseti. Shemeji aliinunua Kariakoo mwaka 2000, safari ambayo bosi wake alimpa bakshishi, ili mdogo wake asiende tena mabandani. "Mimi ni mzee, siwezi kubeba vitu vya watu," mama akasema. "Mpelekeeni mwenyewe."

Nikampa mume wangu mfuko. Hakuuliza ni nini. Usiku ule hakulala, na mimi nilijifanya nimelala, kuna nyakati hiyo ndiyo kazi ya mke.

Asubuhi tulipanda Costa ya kurudi Makambako. Tiketi zetu za Dar zilikuwa za basi linalopita pale saa nne, kwa hiyo kwa hesabu yake tulikuwa na saa moja ya kusalimia, kuacha mfuko, na kukimbia. Njia nzima alishikilia ule mfuko mapajani. Mtwango wakapanda kina mama na magunia ya viazi, mmoja akamwambia sogeza mzigo wako baba. Hakuusogeza.

Shemeji tulimkuta uani anafua ovaroli. Ana mvi sasa. Mimi nikatangulia, shikamoo shemeji, akaniitikia vizuri, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Wale wawili wakapeana mikono kama watu wa benki. Viti vikatolewa. Chai ikaletwa. Wakaongea kuhusu bei ya dizeli. Wakaongea kuhusu barabara. Nilitamani kupiga kelele.

Ndipo mwenzangu akauweka mfuko mezani.

Shemeji aliutazama, akaitoa mashine, akaigeuza chini. "Hii ilikuwa haili umeme vizuri," alisema. Akaipuliza kaseti. Hakuna mtu aliyemwambia apulize. Akachomeka kwenye flati ya sebuleni, ikaonyesha chenga tupu. Wakajaribu waya mwingine, chenga. Ghafla wale watu wawili waliokuwa wanaongelea dizeli wakawa wameinama nyuma ya TV, "hapana huo ni wa sauti", "shika hapa", "usiguse". Mwisho shemeji akasema twende kwa fundi, yule ana TV ya chogo.

Unakumbuka TV za chogo? Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, usiku wa mwisho wa mwaka 2012, zimegeuka meza za kuwekea maua. Fundi alikuwa nayo moja kwenye kibanda chake kando ya barabara ya Njombe, katikati ya redio zilizopasuliwa. Akatafuta chaneli, kukakoroma, na ule wimbo mfupi wa kuanzia ukalia. Watoto wawili wakasimama mlangoni.

Mwenzangu akaanza. Mimi nilisimama nyuma, upepo unanipiga mgongoni. Nilitazama namba. Sabini. Hamsini. Alikosa lile gari la kumetameta, shemeji akatoa sauti ya "aah". Thelathini na. Mwenzangu hakugeuza kichwa, alinyoosha tu pedi pembeni, na mkono wa shemeji ulikuwa umeshafika.

"Kaka," alisema, macho kwenye kioo. "Lile neno la siku ile."

"Ngoja kwanza, kuna lori."

Tukangoja. Akalikwepa. Akalikwepa na la pili, akaserereka, akarudisha usukani kwa kidole gumba, akavuka mstari wa hatua na mafuta yamebaki ya kulamba. Fundi akapiga makofi. Shemeji akaweka pedi juu ya meza, polepole.

"Neno gani?"

"La shule."

"Nililisikia."

Nje lilipita tela la mafuta, kibanda kikatetemeka, hakuna aliyesema kitu mpaka likaisha.

"Nilikosa, kaka. Nisamehe."

"Miaka mitatu nasubiri uje uniambie hivyo," shemeji alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nyumba siyo shida. Nyumba tungeongea."

"Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia stendi. Unashuka, unauliza kwangu, wanakuonyesha."

Mume wangu alijifuta uso na kiganja. Nilitoka nje nikajifanya naangalia bei ya vitunguu. Niliporudi hatua ya pili ilikuwa imeanza, mwenzangu ameshika pedi, shemeji anamwelekeza kama dereva anayemfundisha utingo, "lile la buluu litakuziba, limezoea", na mtoto mmoja ameshaingia ndani amekaa juu ya redio.

Nyumba bado haijazungumzwa, nisiwadanganye. Kibaha pia bado hatujaezeka vyumba viwili. Saa nne basi letu lilipita, nililiona mimi peke yangu, jina lake kwenye kioo cha mbele na kondakta ananing'inia mlangoni anatafuta abiria wake. Nilifikiria kuwaambia. Shemeji akauliza bila kugeuka, "Shemeji, mchana tule nini?"

Nikamwambia chochote, mradi kiwe cha moto.